Mwanangu alianika simu yangu juani ili ichaji, nikabaki na kubipu tu

Wakuu, za jioni. Walionizidi umri shikamooni, tuliolingana mambo vipi, na nyie wadogo msijifanye hamjaniona.

Ninachosimulia hapa kimenitokea mimi, siyo rafiki yangu, siyo jirani. Sijaongeza chumvi, kwanza hata chumvi yenyewe chumbani kwangu imeisha tangu juzi. Wale wazee wa "hii chai" shikeni vikombe vyenu mkae pembeni.

Naandikia simu ya bosi. Kaniachia nimlindie mashine, kaenda kuswali, na akitoka huko huwa anapiga stori mpaka akumbuke kwamba ana kazi. Nikikatika ghafla mjue kaja kuichukua.

Twende.

Mimi ni la saba. Sina zaidi ya hapo na sitafuti huruma. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini. Digrii yangu ni mdomo. Watu wakileta magunia yao wakasubiri mafuta, mimi ndiye redio yao. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akaondoka bila mashudu yake, yale makapi ya alizeti, akarudi kesho yake analalamika kwamba nilimwibia kwa kumchekesha.

Hiyo ni mashineni.

Nikirudi kwangu ni chumba kimoja. Kitanda, jiko la gesi dogo, ndoo mbili, pazia ambalo aliliacha mpangaji aliyetangulia. Nikishafunga mlango ule mdomo wote unakosa kazi. Unaweza ukapata stori kali njiani ukacheka mwenyewe, ukifika ndani unakuta huna wa kumpa. Ukuta hauchekagi wakuu, nimejaribu.

Nina mtoto mmoja, Zulfa. Yupo la kwanza, zile shule za kiingereza, anaishi Dar na mama yake. Mimi na mama yake tuliachana Zulfa bado anabebwa mgongoni. Hakukuwa na mapanga wala polisi, tulishindwana tu. Mama yake akaolewa na mtu mzima mwenye kazi yake na heshima zake, sina neno naye.

Huyo Zulfa anamwita dadi.

Mimi ananiita Baba Singida. Kama jina la basi.

Kila Jumapili nilikuwa nampigia video call. Naiegemeza simu kwenye ndoo, nanyoosha kola, napiga.

"Zulfa mama, umekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Na kuku."

"Shule je?"

"Nzuri."

Hapo macho yake yanaanza kukimbilia pembeni. Najua kabisa pembeni kuna tivii ina katuni. Halafu ananiambia kwa adabu zote, "Baba Singida, nimemaliza kuongea."

Yaani mimi ninayechekesha foleni nzima ya wenye magunia, kwa mwanangu mwenyewe naishiwa maneno kabla ya bundle.

Sasa mwaka huu likizo ya Juni, mama Zulfa alikuwa anaenda Tabora kwenye harusi ya mdogo wake. Akanipigia, akasema atamshusha Zulfa kwangu, akirudi atampitia. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilifagia chumba mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nahama.

Pale stendi, ananikabidhi begi, akanivuta pembeni kidogo.

"Baba Zulfa, mimi sitaki ugomvi na mtu," akasema. "Akipenda huku, atakuwa anakuja kila likizo. Akisema hataki, sitamlazimisha. Nitamuuliza tukishafika nyumbani, siyo hapa mbele yako."

Nikasema sawa. Ningesema nini tena?

Kwa hiyo huo ndio ulikuwa mtihani wangu wakuu. Kufaulu, mtoto anakuja kila likizo. Kufeli, narudi kwenye wali na kuku wa Jumapili. Na msahihishaji hana meno ya mbele.

Tunaingia chumbani, kaangalia kulia, kaangalia kushoto.

"Baba Singida, sebule iko wapi?"

"Umeikalia."

Alikuwa kakaa kitandani. Kwa wateja wangu hiyo ingekuwa kicheko cha nusu saa. Yeye akainuka taratibu akaangalia alipokuwa amekaa. Nikasema hapa kazi ipo.

Kesho yake nikampeleka ziwani, kule kwenye mawe, nikampiga picha. Imetoka nzuri. Nikamwambia, "Hii kali, nitaenda kuiosha."

"Kwani imechafuka?"

Hapo ndipo nilipoanza kujishtukia. Kijana wa kisasa mimi, namiliki simu ya kupangusa, lakini mdomoni nimejaza maneno ambayo vitu vyake vilishakufa.

Ikabidi nimweleze. Kwamba zamani kamera ilikuwa na mkanda ndani, ukipigwa picha huioni. Mpiga picha anaondoka nayo, anajifungia kwenye chumba cha giza na madawa yake, unakuja kuiona siku nyingine kabisa, na unaweza ukaikuta umefumba macho.

"Sasa ukikuta umefumba macho unafanyaje?"

"Unakaa hivyo hivyo. Mimi ya kumaliza la saba nimefumba macho, ndiyo hiyo hiyo mpaka leo. Bibi yako kaitundika ukutani."

Akafikiria.

"Kwa hiyo ulimaliza shule umelala."

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa kwenye jiwe. Na yeye akacheka, nikaliona lile pengo vizuri. Nikasema aah, huyu wangu. Hata kipimo cha damu sihitaji.

Kuanzia hapo ikawa mchezo wetu. Nilikuwa nikisema kitu ananikamata.

Ananisimulia katuni kwa mbio, namwambia hebu rudisha mkanda nyuma kidogo, ananiuliza mkanda upi. Namweleza kanda za redio, kwamba wimbo ukitaka kuurudia unachomeka kalamu kwenye kitundu unazungusha kwa mkono, ili usile betri. Ananiuliza mbona usiguse tu wimbo. Namwambia ungegusa wapi sasa, ilikuwa kamba tupu.

Jioni tukishakula anajilaza, ananiambia, "Baba Singida, nipe neno lingine la zamani."

Hebu oneni. Mtu niliyekuwa naishiwa maneno mbele yake sasa ananidai maneno.

Kuna siku nilimpa kadi za salamu. Wa umri wangu mnazikumbuka. Unanunua kadi, unaandika majina ya watu unaowasalimia, inapelekwa redioni, halafu unakaa na redio ukisubiri mtangazaji alifikie jina lako.

"Kwa nini usimpigie huyo mtu?"

"Hana simu. Na mimi sina."

"Sasa utajuaje kama amesikia?"

"Hujui. Unabaki unaamini tu kwamba redio ilikuwa imewashwa."

Hakucheka hiyo. Akauliza, "Na kama alikuwa jikoni?"

Nikazima taa.

Baadaye tukaenda Sepuka kwa mama yangu, yaani bibi yake. Bibi naye hana mchezo. Zulfa kafika na "hi bibi" yake, bibi kamshika mkono kaung'ang'ania, anamwangalia tu, hauachii. Zulfa ananigeukia mimi. Nikamfanyia ishara ya kupiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Sasa ndiyo umefika."

Kwa bibi umeme bado. Nguzo zimepita barabarani, kwake hazijaingia. Ana redio yake ya betri zile za duara, na zikilegea hazitupi. Anazianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, zikipata jua zinajikongoja tena kidogo, anapata taarifa ya habari. Wengi mmelelewa hivyo, msijifanye mlizaliwa na sola.

Zulfa akauliza bibi anafanya nini. Bibi akamwambia, "Zimeishiwa nguvu. Jua linazirudishia."

Basi.

Mchana huo nilienda shambani kusaidia kupiga alizeti. Simu nikaiacha ndani, chaji imebaki ya kuibia. Kumbe Zulfa alitaka kuangalia katuni niliyokuwa nimeishusha, akakuta simu inalia njaa. Akafanya alichoonyeshwa. Kaibeba, kaiweka juu ya jiwe, imelala mstari mmoja na betri za bibi. Na kwa jinsi alivyo makini alikuwa anaenda kuigeuza, upande huu ukipata na huu upate. Kama chapati.

Narudi nimejaa vumbi la alizeti, kanikimbilia.

"Baba, nimekuchajia simu."

Nikaishika, nikairusha. Chungu cha makande kina nafuu. Betri yake ilikuwa na umri wake tangu zamani, hapo ikavimba moja kwa moja, ikakiinua kioo kama mlango wa kabati bovu. Nilipowasha ikatoa mistari ya kijani, ikazima. Mpaka leo.



Nilipoinua macho nikamwona ananiangalia. Kasimama miguu imebanana, mikono nyuma, anasubiri. Nikakumbuka yale maneno ya stendi. Akipenda. Akisema hataki.

Bibi akasema kutoka mlangoni, "Mtoto kafanya alichoonyeshwa."

"Zulfa," nikamwambia, "umekosea sehemu moja tu. Hukuing'ata kwanza."

"Unaing'ata?"

Bibi naye kama vile alikuwa anasubiri zamu yake. Akachukua betri ya redio akamwonyesha jinsi walivyokuwa wanaibana na meno zamani ili itoe nguvu ya mwisho. Meno yenyewe hana mengi, ikateleza ikaanguka. Akacheka Zulfa, akacheka bibi. Na mimi nikacheka nimeshika maiti ya simu mkononi.

Lakini moyoni nilishapiga hesabu. Hela ya simu nyingine haikuwepo, na fundi aliiangalia baadaye akaniambia niizike kwa heshima. Ina maana video call za Jumapili ndiyo basi. Kile kidirisha changu kimoja cha kumwona mwanangu, hata kama alikuwa anaangalia tivii, kimefungwa. Na kimefungwa na mwanangu mwenyewe akinisaidia.

Kwenye sanduku la bibi kulikuwa na kitochi changu cha zamani, namba zimefutika kwenye vitufe. Nikapata kifremu cha kuikuza laini ndogo, nikapachika. Kikawaka. Vitochi vina roho ya paka.

Zulfa akakigeuza geuza.

"Hii inafanya nini?"

"Inapiga na kupigwa."

"Na katuni?"

"Kuna nyoka anakula vidoti."

Akamwangalia nyoka kidogo akanirudishia. Halafu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikwepa toka mchana.

"Sasa Jumapili nitakuonaje?"

"Hutaniona," nikamwambia. "Utanibipu."

Hapo hata mimi sikuwa nimepanga. Lilinitoka tu. Ila likishatoka ikabidi nilifanyie kazi.

"Kubipu ni nini?"

"Unapiga, inaita mara moja, unakata."

"Kabla hujapokea?"

"Sipokei. Ukinibipu mimi naona jina, najua Zulfa yupo, mzima, kanikumbuka. Basi."

"Kwa nini usipokee?"

"Zamani salio lilikuwa la shida. Mtu akikubipu ukapokea, umemkatia salio lake alilokuwa anajibania wiki nzima. Ni ushamba. Mtaa mzima unakusema."

"Sasa nitajuaje kama umeona?"

"Na mimi nakubipu."

"Halafu?"

"Halafu tumeshaongea."

Akakunja uso, anaikagua ile habari kama mtu anayekagua noti. Akasema, "Bila kusema kitu?"

"Bila kusema kitu."

Tukaazima simu ya bibi. Zulfa akaenda nayo nyuma ya nyumba, mimi nimekaa mbele. Kitochi kikaita mara moja, kikakata. Nikambipu. Nikasikia kicheko nyuma ya nyumba. Kikaita tena. Tulifanya hivyo mpaka kuku wakaingia bandani, bibi analalamika tunammalizia betri, na hiyo hana pa kuianika maana ameshaona matokeo.

Niwaambie kitu kimoja hapa katikati. Mimi nilipotoka Sepuka kuja mjini kutafuta maisha nilikuwa bado mtoto kabisa. Mama aliniambia ukifika bipu. Nikabipu. Kesho yake jioni nikabipu tena, bila sababu. Ikawa kila jioni. Hakuwahi kupokea hata siku moja, na mimi nilikuwa silali mpaka anijibu. Sikuwahi kumwambia kwamba siku za mwanzo nilikuwa nabipu nimekaa chini ya meza ya mama ntilie nikijificha nisionekane nalia. Bipu haionyeshi uso. Uzuri wake huo.

Siku ya kuondoka ikafika. Mama Zulfa katoka Tabora, basi limesimama stendi, dereva anapiga honi kama anadaiwa. Nikambeba Zulfa nikampandisha. Nilikuwa nimepanga stori nzuri ya kumwagia, ikapotea yote. Nikasema, "Mkifika nibipu."

Mama Zulfa akacheka. "Baba Zulfa, nani bado anabipu dunia hii?"

Zulfa alikuwa anahangaika na mkanda wa kiti. Basi likaondoka bado anahangaika nao, sikumwona usoni.

Jioni ikaingia meseji. Mama yake. "Tumefika salama."

Nikashukuru Mungu. Nikakaa na kitochi kitandani, nasubiri ile nyingine.

Haikuja.

Nikasema kachoka na safari. Kesho yake haikuja. Nikasema kaanza kucheza na wenzake. Kesho yake tena nikaacha kumtafutia sababu.

Kulikuwa na kibanio chake cha nywele cha kipepeo kimebaki kwenye mfuniko wa ndoo. Sikukigusa. Nikichota maji nafunua mfuniko taratibu, nachota, narudisha, kipepeo hajaanguka. Mtu mzima mimi.

Mashineni nilikuwa nachekesha kama kawaida, watu wanacheka. Ila kitochi nimekiweka mfuko wa shati, kila dakika nakipapasa. Bosi akaniuliza, "Wewe mbona unajishika moyo muda wote, una presha?"

"Nina mtandao mbovu bosi."

Jumapili ikafika. Saa ile ya video call nilijikuta nimeshanyoosha kola. Kitochi kipo kwenye ndoo kimenyamaza. Ningeweza kupiga. Mtaniuliza kwa nini sikupiga, na swali lenu ni zuri. Niliogopa wakuu. Nilijua mama yake ameshamuuliza lile swali. Nikipiga nitaambiwa jibu, na nilikuwa bado sitaki kulisikia. Nikapika ugali, nikala, nikaosha sahani. Nikaiosha tena.

Sasa siku moja jioni, katikati ya wiki, mashine inanguruma, mbele yangu kuna mama ana magunia yake mawili ananiuliza mbona mafuta ya safari hii meusi. Kifuani kikatetema. Nakitoa, nakuta imeandikwa Mama Zulfa.

Akili ikaondoka. Nilipokea kabla hata mlio haujaisha.

"Haloo, Zulfa, mama, mwanangu, habari za..."

Kikasikika kisauti kina hasira kweli kweli.

"Baba, mbona umepokea?"

"Mama, nilikuwa..."

"Hutakiwi kupokea. Umeharibu. Ulisema mwenyewe ni ushamba."

Akakata.

Yaani fikirieni. Mwalimu wa somo ni mimi. Kanuni nimezitunga mimi. Mtihani wa kwanza tu nimefeli mbele ya magunia.

Yule mama akaniuliza, "Nani huyo kakugombeza?"

"Mwalimu wangu," nikasema, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma kwenye viroba vya mashudu nikakaa kidogo. Vumbi la mashudu likaniingia machoni. Andikeni hivyo hivyo, vumbi.

Nilitaka kumpigia nimwombe radhi. Lakini nikimpigia nazidi kuharibu. Nikafikiria kumbipu, nikaona bipu yangu inatakiwa iwe jibu, siyo kujipendekeza. Nikakaa na mikono yangu.

Kesho yake jioni, kimya.

Hiyo ndiyo jioni ndefu kuliko zote nilizokaa kwenye kile chumba. Wapangaji wenzangu nje wanabishana mpira, na mimi huwa nikitoka nawavuruga wote. Sikutoka. Niliwasikia wanaulizana, "Leo yule mropokaji yuko wapi?" Mmoja akasema atakuwa hayupo. Nikawaacha waamini.

Jioni iliyofuata nimewasha jiko, sufuria ipo juu, nasubiri maji yachemke. Kitochi kipo kitandani. Kikaita.

Wakuu, niliikalia mikono. Siyo msemo, nilikaa juu ya mikono yangu miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

Kikaita mara moja. Kikakata.

Nikahesabu pumzi, nikambipu.

Ikarudi. Nikajibu. Ikarudi tena. Maji yakachemka yakafurika yakazima jiko, mimi nabipu.

Tukaenda hivyo mpaka simu ikaita moja kwa moja bila kukata. Nikaiangalia nikashindwa kujua nifanye nini, maana kanuni hazisemi. Ikaendelea. Nikapokea kwa woga.

Alikuwa mama Zulfa.

"Nyie watu wa Singida mna ugonjwa gani? Huyu mtoto kila jioni anatafuta simu yangu. Nikiwa nayo kazini ananuna. Leo kaipata, anapiga anakata, anajibana nyuma ya mlango anacheka peke yake."

"Anabipu," nikasema.

"Najua anabipu. Shuleni kwao darasa zima wanaambiana nibipu, na hakuna hata mmoja mwenye simu." Halafu akasema, "Baba Zulfa, nilimuuliza."

Nilishika ile sufuria, ya moto, sikuisikia.

"Anataka kuja Desemba. Ila ni nusu ya likizo, nusu nyingine dadi yake anawapeleka kwao Tanga, nyumba iko baharini kabisa."

"Sawa," nikasema. "Nusu inatosha."

"Na anasema umtafutie maneno mengine. Hayo ya mwanzo ameshayamaliza."

Nikasema nitayatafuta. Tukaagana vizuri. Nikamalizia kupika ule ugali, nikala peke yangu, lakini siku hiyo sahani nikaiosha mara moja tu.

Sasa msije mkadhani mambo yamekuwa matamu. Bahari mimi sina wakuu, nina ziwa la chumvi na upepo. Desemba iko mbali. Kuna jioni bipu inaingia, kuna jioni haiingii, labda mama yake kachelewa kazini, labda katuni mpya imetoka. Na bipu ni kitu kifupi sana. Ukiiweka sikioni huna unachosikia. Chumba ni kile kile, pazia ni lile lile la mtu mwingine, kipepeo bado yupo kwenye mfuniko.

Bosi kaniambia Jumapili nitumie hii simu yake nipige video call. Nimemwambia asante na nitaitumia. Ila nikimaliza ile ya wali na kuku, narudi kwenye kitochi changu, maana pale ndipo tunapoongea.

Nilichojifunza mimi la saba mwenzenu ni hiki. Nilikuwa naona aibu kwa yale maneno ya zamani, naona yananizeesha kabla ya wakati, mtoto atanikimbia. Kumbe mtoto alikuwa hana shida na maneno. Alikuwa hajui tu kwamba mtu anaweza akakaa mahali akakusubiri bila kukuona. Sasa anajua. Na mimi nilikuwa nimesahau.

Na pia ukiwa na mtoto mgeni nyumbani, simu yako kaa nayo mfukoni.

Haya, uwanja ni wenu. Mtoto wako alikukamata na neno gani ukashindwa kulielezea? Nahitaji mapya kabla ya Desemba, nimebakiwa na "kukodi mkanda" na "kupanda kichuguu kutafuta mtandao", hayafiki mbali. Na kama kuna mwenzangu ana mtoto mkoa mwingine naye aseme anafanyaje jioni.

Bosi namwona kule anakuja, anatafuna mishikaki yake taratibu.

Ngojeni kidogo.

Kitochi kimeita.

Kimekata.

Nyie endeleeni, kuna mtu namjibu.